Ufunguo Uliogoma Mtaa wa Mchikichi

Katika duka la kanga la Bwana Hashil, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, karibu kila kitu kilikuwa kimefungwa kamba. Kalamu ilifungwa kamba mezani. Kikokotoo kilifungwa kamba. Hata mkasi, uliotumika kuliko vyote, ulifungwa kwenye msumari kando ya meza kwa kamba fupi mno, hivi kwamba aliyetaka kukata kitu alilazimika kukipeleka kitu chenyewe kwenye mkasi. Bwana Hashil hakuwa bahili wala mkorofi. Alikuwa tu amechoshwa na vitu kupotea.

"Duka hili lina miguu," alizoea kulalamika. "Nikiweka kitu hapa, kesho kimeshahama."

Kitu kimoja tu hakikufungwa kamba, nacho ni ufunguo wa gari. Huo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, chini ya kalenda, na amri yake ilijulikana na wote: hauchezewi. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lililoinuka juu kutoka ardhini, na ufunguo wake ulikuwa chuma kitupu, hauna kitufe wala taa.

Kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi, Shahd, binti wa Bwana Hashil, alishuka kutoka ghorofani walikoishi kwenda kusaidia dukani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kufungua marobota ya kanga na kupanga doti kwenye rafu, rangi na rangi yake. Alifanya kazi hiyo pamoja na Dada Scholastika, muuzaji wa duka, mwanamke mtulivu kutoka Songea ambaye alikuwa pale tangu Shahd hajaanza hata kusoma. Mikanda ya plastiki iliyofunga marobota ilikuwa migumu, nao mkasi haukufika stoo. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Walishika robota huku na huku, wakalikokota hadi mezani, wakalikata pale penye mkasi.

Jumapili moja ya masika, mvua ilianza kunyesha kabla ya adhana ya alfajiri na haikuonyesha dalili ya kukatika. Mama yake Shahd hakuwepo. Alikuwa amekwenda Magomeni tangu Ijumaa kumuuguza Bibi Mauza, mama yake mzazi. Baba alikuwa juu na Ammar, mdogo wake Shahd mwenye miaka mitano, aliyeamka na kikohozi.

Lilikuwa limebaki robota moja tu. Dada Scholastika alikuwa na mteja, mmoja wa wale wanaofunuliwa kanga ishirini na bado wanauliza kama hakuna nyingine. Huku nyuma, Amira, rafiki yake Shahd wa ghorofa ya pili, aliita kutoka kwenye ngazi.

"Shahd! Tunaanza rede koridoni! Ukichelewa hatukuingizi!"

"Nakuja! Bado moja tu!"

Shahd alilitazama robota, akamtazama Dada Scholastika, akamtazama yule mteja. Kisha akauona ufunguo msumarini. Alijua kabisa amri ya baba yake. Lakini alijiambia kuwa ni mara moja tu, tena kwa ajili ya kazi ya baba huyo huyo. Akautungua, akapenyeza ncha yake chini ya mkanda na kuutumia kubanjulia kwa nguvu zake zote.

Mkanda ulikatika. Shahd akautazama ufunguo. Ulikuwa umepinda katikati.

Aliuweka haraka juu ya sakafu ya saruji, akachukua jiwe lililotumika kuzuia mlango, akaugonga mara moja, mara mbili, mara tatu. Aliuinua machoni. Ulionekana umenyooka. Si umenyooka huo? Akaurudisha msumarini, akaipanga kalenda vizuri juu yake, akakimbilia koridoni. Alicheza rede mpaka adhuhuri, na kila aliporuka mpira, ule ufunguo ulimrudia kichwani.

Saa nane mchana baba yake alimwita kwa sauti ambayo Shahd hakuwahi kuisikia.

Ammar alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika godoro, mabega yakipanda na kushuka. Kila pumzi aliyovuta ilipiga mluzi. Ngozi katikati ya mbavu zake ilizama ndani kila alipohema. Alikuwa na pumu tangu akiwa mchanga, lakini safari hii haikuwa kama nyingine. Bwana Hashil alikuwa amempulizia dawa ya kuvuta, akasubiri, akampulizia tena, na tena. Haikusaidia kitu.

"Daktari alisema dawa isipomtuliza tusikae nyumbani," alisema, akitafuta viatu vyake huku amevishika mkononi. "Shahd, chukua shuka. Mfunike mdogo wako. Tunaenda hospitali."

Alijaribu kwanza kuita gari kwa simu. Hakuna dereva aliyekubali. Akachungulia dirishani. Mtaa wote ulikuwa maji, yamefika magotini. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa Jumapili, na yaliyofunguliwa asubuhi yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa ajili ya mvua. Bajaji moja ilikuwa imezimika katikati ya barabara, na dereva wake alikuwa anaisukuma peke yake, suruali imelowa hadi kiunoni. Bwana Hashil alimpigia simu mkewe.

"Jangwani pamefungwa!" sauti ya mama ilisikika ikikatikakatika. "Maji yamepita juu ya barabara, hakuna anayevuka! Hashil, mwanangu vipi? Hashil!"

"Tunaondoka naye sasa hivi. Gari letu liko juu, litapita. Omba Mungu."

Walishuka. Dada Scholastika alikuwa amekwisha kuutoa ufunguo msumarini, akawafungulia njia. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, mahali palepale pa siku zote. Mlango wa gari ulikubali kufunguka baada ya kubishana kidogo. Shahd aliingia nyuma na Ammar mapajani. Baba yake aliketi mbele, akaingiza ufunguo kwenye swichi, akauzungusha.

Haukuzunguka.

Akajaribu tena. Ulikuwa kama umepigiliwa msumari.

"Stelingi imejifunga," alijisemea. Hilo hutokea, na Shahd alikuwa ameliona mara nyingi. Usukani ukishajifunga, mtu huutikisa kulia na kushoto huku akizungusha ufunguo polepole, na mara nyingi kitu hulegea. Baba aliutikisa. Ufunguo haukusogea. Akaitazama gia kama imekaa mahali pa kuegesha. Imekaa. Akauchomoa ufunguo, akaufuta kwa shati, akaurudisha. Vilevile.

"Vipi, bosi?" aliuliza Benedict, mlinzi wa jengo la jirani, aliyekuwa amekuja mbio na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

"Hauzunguki!"

"Upige kidogo! Au tumwagie mafuta ya kula!"

Bwana Hashil alipiga swichi kwa ngumi. Ammar alishtuka, akaanza kukohoa, na kikohozi kilipokwisha hakuweza kuvuta pumzi upesi. Shahd alihisi moyo wa mdogo wake ukidunda chini ya kiganja chake. Alitaka kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini kila alipofungua mdomo, woga uliyameza. Angesemaje sasa, mbele ya baba yake aliye katika hali ile? Labda utazunguka. Ee Mungu, uzunguke tu, nami sitarudia tena maisha yangu yote.

"Nani aliyeushika ufunguo huu leo?" Bwana Hashil aligeuka ghafla. Macho yake yalimwangukia Dada Scholastika aliyesimama kwenye maji, akiwakinga mvua kwa kanga mpya ya duka. "Scholastika! Wewe ndiye uliyeuchukua asubuhi!"

"Niliuchukua bosi, nikatoa boksi garini, nikaurudisha."

"Umeufanya nini?"

"Sikuufanya kitu, bosi."

"Haukufanywa kitu, mbona jana ulizunguka? Miaka yote hii nakuamini! Tazama mtoto! Mtazame!"

Dada Scholastika aliendelea kuishika ile kanga juu ya dirisha ili maji yasimwingie Ammar. Shahd alimwona. Aibu ilimpanda, chungu, kubwa kuliko hata ule woga. Lakini bado hakusema.

Baba yake aliinama chini ya kiti, akaibuka na koleo.

"Utazunguka huu," alisema akiuma meno. "Upende usipende."

Aliubana ufunguo kwa koleo. Shahd aliona kiwiko chake kikikaza. Akauona ufunguo kama alivyouona stoo, umepinda katikati, na akajua utakatikia pale pale. Kipande kitabaki ndani. Gari halitawaka leo wala kesho, na Ammar yuko mapajani mwake, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Baba, acha!" alipiga kelele. "Usiulazimishe! Umepinda! Ni mimi! Ni mimi niliyeupinda!"

Koleo likasimama.

"Nini?"

"Nilifungulia robota. Asubuhi. Mkasi haukufika. Dada Scholastika hajui lolote, baba. Ni mimi."

Ilisikika mvua juu ya bati la gari na mluzi wa kifua cha Ammar. Bwana Hashil alimtazama binti yake, na Shahd angependelea kuchapwa kuliko kutazamwa vile. Kisha baba akalitupa koleo, akauchomoa ufunguo taratibu na kuuinua kwenye mwanga.

"Mwingine uko kwa mama yako," alisema. "Magomeni. Ng'ambo ya maji."

"Mzee Uwesu!" Dada Scholastika alidakia. "Mchonga funguo! Nimemwona asubuhi, amejikinga mvua pale barazani kwenye kona. Lete, bosi!"

"Nami naenda," alisema Shahd. "Mimi ndiye ninayejua ulipopinda."

Baba alimchukua Ammar mikononi. "Kimbieni," alisema. "Kimbieni, wanangu."

Hapakuwa na kukimbia katika maji yale. Walivuta miguu, wameshikana mikono, Dada Scholastika akitangulia kupapasa kwa unyayo palipo na mitaro. Njia nzima hakumwambia Shahd neno baya. Alichosema ni "Pita huku" na "Shika vizuri". Shahd alilia, na mvua haikuficha kitu.

Mzee Uwesu, mzee wa Kimakonde mwenye miwani iliyoungwa kwa waya, alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la kazi, tupa zake zimefunikwa kwa nailoni. Kwa haraka yao Shahd hakukumbuka hata shikamoo.

"Mzee, ufunguo wa gari! Mdogo wangu anakufa!"

Mzee Uwesu hakuuliza ni nani anakufa. Aliupokea ufunguo, akawasha tochi ya simu, akafumba jicho moja.

"Umefanywaje?"

"Ulipinda. Nilibanjulia mkanda wa robota."

"Ukapinda, halafu?"

"Basi. Ulipinda tu."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Binti yangu, ufunguo huu umenyooka. Ukiniambia ulipinda tu, mimi nitatafuta mpindo ambao haupo, na huko mgonjwa anasubiri. Niambie yote."

Hata sasa, hata hapa, Shahd alikuwa amejaribu kubakiza kidogo.

"Niliugonga kwa jiwe. Juu ya saruji. Mara tatu. Huku," akaonyesha, "upande huu."

"Eeh. Sasa tunaongea." Mzee aliugeuza ufunguo, akapitisha ukucha ubavuni mwake, ukucha ukakwama. "Hiki hapa. Jiwe limetoa kinundu. Unaingia, lakini haufiki mwisho, na usipofika mwisho hauwezi kuzunguka. Mngeukaza mngeubakiza humo humo ndani."

Aliulaza juu ya kipande cha reli alichokitumia kugongea, akaupiga vipigo viwili vyepesi. Kisha akachukua tupa nyembamba kuliko zote, akaanza kukwangua. Shahd alitaka kumwambia afanye upesi, lakini aliona mkono wa mzee ulivyokuwa mtulivu, akauma mdomo. Tupa ilikwenda, ikarudi. Akapitisha ukucha. Akakwangua tena. Mwisho alichomoa penseli sikioni, akausugua ufunguo mzima kwa risasi ya penseli hadi ukawa mweusi.

"Msitie mafuta, yanashika vumbi. Hii inateleza vizuri. Mwambie baba yako auingize mpaka mwisho, aurudishe nyuma kiasi cha unywele, autikise usukani kwa mkono mmoja na kuuzungusha kwa vidole viwili. Vidole viwili! Asilete ngumi zake. Haya, nenda!"

Waliporudi, Ammar alikuwa amenyamaza. Ule mluzi ulikuwa haupo tena. Shahd alidhani amepata nafuu, mpaka alipouona uso wa baba yake.

"Anachoka," alisema Bwana Hashil. "Shahd, anachoka."

Alimrudisha Ammar mapajani mwa dada yake. Dada Scholastika aliingia mbele bila kuambiwa. Shahd aliyarudia maneno ya mzee, moja baada ya jingine, huku meno yakigongana.

"Mpaka mwisho, baba. Rudisha nyuma unywele. Tikisa usukani. Vidole viwili."

Baba aliuingiza ufunguo. Vidole vyake viliteleza, akavifuta, akashika tena. Ulikataa. Shahd alifumba macho.

"Taratibu, bosi," alinong'ona Dada Scholastika.

Usukani ukalia kidogo. Ufunguo ukazunguka. Injini ikakohoa mara moja, ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Gari lilipasua maji polepole, Benedict akitembea mbele yake kuonyesha penye shimo hadi walipofika Mtaa wa Msimbazi, ambako maji yalipungua. Njia nzima Shahd alimwita mdogo wake kwa jina ili asilale. "Ammar. Ammar. Nijibu. Ammar." Naye Ammar alimjibu kwa kumbana kidole.

Hospitalini wauguzi walimchukua mbiombio. Walimvika kinyago chenye mvuke wa dawa na hewa ya oksijeni, wakamchoma sindano. Baba, Shahd na Dada Scholastika waliketi kwenye benchi, wamelowa, maji yakichuruzika sakafuni. Muda ulikuwa mrefu kuliko masika yote. Hatimaye muuguzi mmoja mnene, Sista Hyasinta, alitoka akijifuta mikono.

"Anapumua," alisema. "Ameomba maji, tena ya baridi. Nimemnyima." Kisha akawa hana utani. "Mtoto wa pumu akinyamaza ghafla, si nafuu hiyo. Ni hatari. Mngechelewa kidogo tu, nisingekuwa na habari hii ya kuwapa."

Bwana Hashil alifunika uso kwa viganja, akalia. Shahd hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alisogea, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, baba. Niliunyoosha kwa jiwe, nikaurudisha msumarini, nikaufunika kwa kalenda. Nimemponza Ammar."

Baba aligeuka kwanza kwa Dada Scholastika.

"Scholastika, nimekutukana mbele za watu, na wewe ulikuwa umesimama kwenye maji unamkinga mwanangu. Nilitaka mtu wa kumlaumu, nikakuchukua wewe kwa kuwa ulikuwa karibu. Nimekosa. Niwie radhi."

"Yamekwisha, bosi," alisema Dada Scholastika, ingawa machozi yalimtoka. "Mtoto amepona, basi."

Shahd alimkumbatia kiunoni. "Na mimi nilinyamaza dada, nikakuacha usemwe."

"Ulisema."

"Nilichelewa."

"Ndiyo, ulichelewa," alisema Bwana Hashil, akamvuta binti yake akae kando yake. "Nisikilize, Shahd. Kupinda ufunguo ni kosa dogo. Ungekuja saa ile ile ukaniambia, ningekufokea, halafu ningempelekea Mzee Uwesu, na adhuhuri tungekuwa tumeshasahau. Kosa lako kubwa ni kulirudisha kosa msumarini na kulifunika kwa kalenda. Limekaa pale likitungojea, limetukuta siku ambayo hatukuwa na dakika hata moja ya kupoteza, na limetaka kuondoka na ndugu yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Kosa ukilifanya, lilete likiwa bado dogo. Na ukisema kweli, iseme yote. Na mimi nina langu. Nilikuwa na hasira na haraka, nikachukua koleo. Mtu akilazimisha kitu bila kujua kimekwama wapi, huharibu hata kile kilichokuwa kinaponyeka. Kelele yako ndiyo iliyotuleta hapa. Hilo nalo sitalisahau." Akamfuta uso kwa pembe ya ile kanga ya duka. "Lakini mama yako utamweleza mwenyewe."

Ammar alirudi nyumbani Jumatano, na jua lilikuwa limewaka. Mama alikuwa amefika, na Shahd alikuwa amekwisha kumweleza, yote, pamoja na lile jiwe. Mzee Uwesu alichonga ufunguo wa tatu, ukawekwa kwa Dada Scholastika. Hivyo ndivyo alivyotaka Bwana Hashil.

Jumapili iliyofuata, Shahd alishuka dukani baada ya chai. Marobota mawili yalikuwa stoo. Alikwenda kumwita Dada Scholastika ili wayakokote hadi mezani, kama kawaida. Hapo alimkuta baba yake ameinama kando ya meza, na kisu mkononi, akiikata ile kamba fupi ya mkasi.

"Utapotea, baba," alisema Shahd.

"Ukipotea," alisema Bwana Hashil, akimpa mkasi mkononi, "utakuja kuniambia."